"I guess" si "nadhani"

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Arusha. Wiki iliyopita mgeni aliniuliza kwa Kiingereza kama gari la uwanja wa ndege linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilijua fika kwamba linaondoka saa hiyo, maana ratiba niliibandika mwenyewe. Nikamjibu "I guess so", nikiamini nimesema "nadhani ndiyo" kwa adabu. Akaniambia nimtafutie mtu anayejua. Iliniuma sana. Sasa nauliza: "guess" maana yake hasa ni nini? Shuleni tuliambiwa ni kukisia. Mbona Wamarekani wanaitumia hata pasipo na kitu cha kukisia? Inatofautianaje na "think" na "suppose"? La mwisho, rafiki yangu aliyekaa nasi mwaka jana, akarudi Chicago, ameniandikia: "I guess I miss Arusha." Ina maana anakisia tu kwamba ametukumbuka?

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha mezani kuandika kirefu hivi, lakini nitaliacha mpaka mwisho, maana halijibiki kabla ya yale mengine.

Tuanze na mgeni wako. Alikuwa na ndege ya kuwahi. Alihitaji neno moja kutoka kwa mtu mwenye dhamana, naye akapewa "I guess so". Kwenye sikio la mwenye Kiingereza chake, maneno hayo yanasema mambo mawili kwa pamoja: sina hakika, na tena sioni haja ya kwenda kuhakikisha. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Wewe ulikusudia "nadhani ndiyo", ambayo kwa Kiswahili haina ubaya wowote. Mtu anaweza kuisema huku ameshika ratiba mkononi. Hukukosa adabu. Ulichukua adabu ya Kiswahili ukaivika neno la Kiingereza lisiloienea.

Kosa hilo nalijua kwa karibu, kwa sababu nililifanya mahali ambapo madhara yake yangezidi kukosa gari. Nikiwa kijana nilichukuliwa kuwa mkalimani katika kambi ya macho kijijini, siku tatu. Daktari, mgeni kutoka ng'ambo, alimuuliza mzee mmoja jicho lake la kushoto lilianza kuuma lini. Mzee akavua kofia, akasema: "Nadhani lilianza baada ya mavuno ya mahindi." Nikatafsiri: "He guesses it started after the harvest." Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza, kwani hajui? Nikamgeukia mzee, nikamuuliza kama ana hakika. Aliniangalia kwanza. "Mwanangu, nimekwambia baada ya mavuno. Ni wiki ile tuliyomzika shemeji yangu. Nitaisahau vipi?" Daktari alikuwa ameshatia alama ya kuuliza kwenye kadi ya mzee. Nikamwomba aifute.

Mzee hakuwa akikisia. "Nadhani" yake ilikuwa ni sawa na kule kuvua kofia: namna ya kutojikweza mbele ya daktari. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na huko kwao lina upana huohuo. Katika Qurani, Sura ya Al-Hujurat aya ya 12, dhana ni kitu cha kujiepusha nacho, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi; lakini katika Al-Baqara aya ya 46, kitenzi hichohicho kinawaelezea waumini wanaojua kwamba watakutana na Mola wao, na wafasiri wengi huisoma hapo kwa maana ya yakini. Neno moja linatembea kutoka kwenye shaka hadi kwenye imani. "Guess" haina miguu hiyo. Kwa hiyo "nadhani" yetu ya kila siku ni "I think", na unapotaka kuongeza heshima ni "I believe". Ukilishika hili peke yake, nusu ya taabu yako imekwisha.

Sasa neno lenyewe. Lilionekana katika maandishi ya Kiingereza kama mwaka 1300, likiwa limetoka kwa majirani wa kaskazini, ama watu wa Skandinavia, ama wale wa Uholanzi na pwani ya Ujerumani. Katika lugha ya kale ya Skandinavia kulikuwa na kitenzi "geta", kilichobeba maana mbili: kupata, na kukisia. Kitenzi hichohicho ndicho kilichowapa Waingereza "get". Na katika ukoo huohuo watu wa Iceland wana neno "gáta", na Waswidi wana "gåta", yote yakiwa na maana ya kitendawili.

Hapo Mswahili hahitaji kamusi. Jioni, watoto wamekaa mkekani. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja anasema kaburi, mwingine anasema mzinga wa nyuki, wanaambiwa hamjapata, nipeni mji. Kisha kitoto kilichokaa mwisho kinasema yai, na mtegaji anakiambia: "Umepata!" Hatusemi "umekisia". Kukisia ni ile safari, kupata ni kufika. Watu wa kaskazini waliziweka zote mbili ndani ya kitenzi kimoja, na Kiingereza kimezirithi zote mbili hadi leo. Hili ndilo jambo ambalo shuleni hatukuambiwa, na ndilo linalowachanganya wanafunzi wangu kuliko lolote.

Angalia. "Guess my age" ni "hebu kisia umri wangu". Hapo kuna kujaribu tu. Lakini "She guessed my age" mara nyingi maana yake ni kwamba alipatia. "You've guessed it" ni "umepata". "How did you guess?" haimuulizi mtu alitumia njia gani ya kukisia, inamwambia "umejuaje?", na tayari inakubali kwamba amejua. "I guessed she was unhappy" ni "nilihisi hana raha", na msikilizaji anaelewa kwamba kweli hakuwa na raha. Mtu akitaka kusema amejaribu tu bila kudai kwamba amefika, anaongeza kihusishi: "guess at". "He guessed at the price" ni alikisia bei, hatujui kama aliipata. "He guessed the price" ni aliipatia. Kihusishi kidogo cha herufi mbili kinafanya kazi ile ambayo sisi tunahitaji kitenzi kingine kuifanya.

Kwa hiyo ukitafsiri, usikimbilie "kisia" kila mahali. Kiswahili kina maneno mengi zaidi hapa, na kila moja lina mahali pake. Kukisia ni kutaja jibu ukiwa na chembe ya dalili. Kubahatisha ni kutupa jiwe gizani. Kuotea, kama wanafunzi wanavyosema "nimeotea tu", ni kubahatisha ukapata. Kukadiria kuna kipimo ndani yake, hata kama ni kipimo cha macho. Kuhisi kunatoka moyoni, na kushuku kuna ubaya unaonyemelea. Zote hizi, kwa Kiingereza cha mtaani, zinaweza kuingia ndani ya "guess", na kazi ya msomaji ni kuangalia mtu ana dalili kiasi gani mkononi.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda. Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton alichapisha katika jarida la Nature hesabu aliyoifanya kutokana na mashindano ya maonyesho ya mifugo huko Plymouth. Watu walinunua tiketi kwa peni sita, wakamwangalia maksai aliyenona, kila mmoja akaandika atakuwa na uzito gani akishachinjwa na kusafishwa. Galton alipata tiketi 787 zinazosomeka. Akazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na iliyoangukia katikati ilisema ratili 1,207. Mizani ilisema 1,198. Kwa kilo ni kama 547 kwa 543, tofauti isiyofika asilimia moja. Kwa Kiingereza kila moja ya tiketi hizo ni "a guess". Lakini wachinjaji na wafugaji walikuwamo humo, watu ambao wameshika nyama maisha yao yote, pamoja na wapita njia ambao hawakujua lolote. Nenda mnada wa Pugu umwangalie mnunuzi akizunguka ng'ombe, akimpapasa nundu, akimtazama mapaja, kisha akataja kilo. Ukisema anabahatisha umemtukana. Anakadiria. Kiingereza nacho kinajua kuna tofauti, ndiyo maana kina "an educated guess", kisio la mtu mwenye ujuzi. Kina pia "guesstimate", neno la Wamarekani wa miaka ya 1930, lililounganishwa kutokana na "guess" na "estimate". Litumie ukiongea na mwenzako, usiliandike kwenye ripoti.

Na kwa kuwa tumegusa ripoti: jihadhari na "makisio". Katika ofisi zetu makisio na makadirio ni hesabu zilizokaliwa vikao. Nimewahi kusoma waraka wa Kiingereza ambamo "makisio ya mapato" yaliandikwa "guesses of income". Mfadhili akisoma hivyo atafunga mkoba wake. Neno ni "estimates", au "projected income".

Usifikiri ninaidharau "guess" yenyewe. Mwaka 1964, katika mihadhara yake Chuo Kikuu cha Cornell, mwanafizikia Richard Feynman aliwaeleza wasikilizaji jinsi sheria mpya ya maumbile inavyotafutwa. Kwanza, alisema, tunaikisia, na akatumia neno hilihili, "guess". Watu wakacheka. Akawaambia kisha tunakokotoa, kama kisio letu ni la kweli, yatatokea nini, halafu tunalinganisha na majaribio. Likipingana na majaribio, limekosea, hata aliyelitoa awe nani. Waliocheka walikuwa wamelisikia neno kama mwalimu wa darasa la saba anavyolisema anapofoka "msibahatishe!" Feynman alilisema kwa maana ya mtegua kitendawili, anayetaja jibu akiwa tayari kuambiwa hujapata.

Walimu wa mitihani nao wana ugomvi wao na neno hili. Mtihani wa SAT, unaotumika kuingilia vyuo vya Marekani, ulikuwa ukimkata mtahiniwa robo ya alama kwa kila jibu alilokosea katika maswali ya kuchagua. Hesabu yake ilikuwa nzuri: kwenye maswali matano yenye majibu matanomatano, anayefumba macho na kuchora atapatia moja kwa wastani, apate alama moja, atakosa manne, akatwe robo nne. Anabaki mtupu. Kukatwa huko kuliitwa "guessing penalty", na kuliondolewa mwaka 2016. Hapo "guessing" ni kubahatisha, bila shaka yoyote.

Sasa tuje kwa Wamarekani wako na "I guess" yao.

Watu wengi huamini ni tabia mpya ya Amerika. Si kweli. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipomtambulisha kijana mmoja katika Hadithi za Canterbury aliandika: "Of twenty yeer of age he was, I gesse." Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Ona hiyo "hivi" yetu. Ndiyo "I gesse" ya Chaucer, haina tofauti hata punje. Waingereza waliivusha bahari pamoja na masanduku yao, kisha wao wenyewe nyumbani wakapunguza kuitumia, na kufikia karne ya 19 walikuwa wanawacheka Wamarekani kwa kusema neno ambalo babu zao Waingereza walilisema kabla yao. Mwingereza leo anapendelea "I suppose" mahali palepale, na huko Australia, na sehemu nyingi za Uingereza, utasikia "I reckon", ambayo ina uthabiti zaidi kidogo.

Lakini "I guess" ya leo imekwenda mbali kuliko "hivi". Mara nyingi haisemi lolote juu ya ujuzi wa mtu. Inasema juu ya moyo wake: kiasi gani ameliweka neno lake mbele, kiasi gani amelishika nyuma. Na hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu Kiswahili kinaifanya kazi hii kila siku kwa maneno madogo ambayo hatuyatilii maanani: tu, basi, haya, na kumbe.

Mtu anaulizwa chakula kilikuwaje. Akijibu "It was fine", ni "kilikuwa kizuri". Akijibu "It was fine, I guess", kiimbo kikishuka mwishoni, ni "kilikuwa sawa tu". Wewe unayesikiliza Kiswahili tangu tumboni unajua umbali uliopo kati ya "sawa" na "sawa tu". Mpishi aliyeambiwa "sawa tu" haendi nyumbani na furaha. Basi ukisikia mgeni anasema hivyo juu ya chumba chake, usishukuru na kuendelea na kazi. Muulize kuna nini. Huenda maji ya moto hayatoki.

Mtu amealikwa: "Do you want to come with us?" Akajibu "I guess so." Hiyo ni "haya basi", inayosemwa na mtu anayenyanyuka taratibu. Amekubali kwa mdomo, miguu haijakubali. Ndiyo sababu ni jibu baya kwa mwaliko wa heshima. Mkwe akikuuliza kama utampenda binti yake, ukajibu "I guess so", utalala nje.

Mtu amekaa mpaka usiku, anatazama saa: "I guess I should go." Hakisii kama aende. Anaaga. "Basi, ngoja niende." Na "I guess that's it" baada ya kumaliza kazi ni "basi, ndiyo hivyo".

Kisha ile tamu kuliko zote: "I guess I was wrong." Wanafunzi wangu huiandika "nakisia nilikosea", na sentensi inakufa hapohapo. Yule mtu amegundua jambo sasa hivi, na linamgharimu kidogo kulikiri. Kiswahili kina neno lake hasa: "kumbe nilikosea". "I guess you knew her better than I did" ni "kumbe wewe ulimjua kuliko mimi". Nimefanya kazi ya kutafsiri miaka mingi, na siku nilipoona kwamba "I guess" inaweza kuwa "kumbe" nilirudi kwenye daftari zangu za zamani nikafuta kurasa nzima.

Si kila "I guess" ni "kumbe", sharti uangalie. Jiulize: mtu huyu anasema jambo la nje asilolijua, au jambo lake mwenyewe? Akisema la nje, kama "I guess the bank is closed", bado kuna kukisia ndani yake: "nafikiri benki itakuwa imefungwa". Akisema lake mwenyewe, ambalo hawezi kukosa kulijua, basi hakisii. Anapunguza sauti ya neno lake. Na siku hizi, kwa kuwa "I guess" imechakaa hivyo, mtu anayetaka kweli kukisia husema "I'm guessing". "I'm guessing you're the manager" ni "bila shaka wewe ndiye meneja", imetokana na dalili: suti, funguo, namna watu wanavyokusogelea. Hiyo haina uvivu. Inasikika kama mtu mwenye macho.

Jambo moja la sarufi linalowaponza watu wetu: tunasema "sidhani kama atakuja", tukikanusha kitenzi cha kudhani. Kwa "think" Kiingereza kinafanya vivyohivyo: "I don't think he'll come." Kwa "guess" hapana. Sema "I guess he won't come", na jibu fupi ni "I guess not". Kusini mwa Marekani utasikia wenyeji wakisema "I don't guess", ni lahaja yao, waachie.

Matamshi, kwa kuwa kazi yako ni ya mdomo: ile "u" haitamkwi. Ni "ges", karibu na gesi ya kupikia ukiikata mwishoni, si "gwes". Herufi hiyo iliongezwa kwenye tahajia baadaye ili msomaji asiilainishe "g" mbele ya "e". Chaucer hakuwa nayo, kama ulivyoona. Na wakati uliopita, "guessed", unatamkwa sawasawa na "guest", yaani mgeni wako wa hotelini. Ndiyo sababu hata wenyeji wa lugha huandika "Guest what" wakati wanataka "Guess what". Hiyo "Guess what?" nayo haihitaji ukisie. Ni "umesikia?" ya mtu mwenye habari mdomoni. Jibu lake ni "What?" na kumwachia nafasi aseme. "You'll never guess who's here" vilevile. Kwetu ni "huwezi kuamini nani amekuja".

Nyingine nazipitia upesi. "Your guess is as good as mine" ni "hata mimi sijui, tuko sawa"; usiitumie kaunta, ina ladha ya kunawa mikono. "It's anybody's guess" ni "hakuna ajuaye". "Keep someone guessing" ni kumwacha mtu njia panda. "Second-guess" ina mitego: kwa Mmarekani ni kumkosoa mtu kwa uamuzi baada ya matokeo kuonekana, kama tunavyowafanyia makocha Jumapili asubuhi, kwa Mwingereza inaweza pia kuwa kubashiri mtu atafanya nini kabla hajafanya, na "second-guess yourself" ni kujitilia shaka. Haina uhusiano wowote na kukisia mara ya pili.

Uliuliza juu ya "think" na "suppose". "Think" ni rai yako, na unaisimamia. "Suppose" ni dada yake "guess" aliyekulia Uingereza, na kusitasita kwake ni kulekule. "Assume" ni kulichukulia jambo kuwa kweli bila kuuliza, halafu ukatenda kwa msingi huo, ndiyo maana huleta hasara kuliko zote: "I assumed you had paid." "Estimate" ni makadirio ya mtu aliyepima au kuhesabu. "Surmise" na "conjecture" utazikuta vitabuni. Huna haja nazo kwenye dawati lako.

Sasa dawati lako. Unachokijua, kitamke wazi: "Yes, it leaves at six." Usikifunike kwa chochote. Kiingereza cha huduma kinaona heshima katika uhakika, tofauti na kwetu ambako heshima mara nyingine ni kujishusha. Unachokiamini lakini hujakithibitisha: "I believe so. Let me check for you." Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayobeba adabu yote uliyotaka kuiweka kwenye "I guess so", na uinyanyue simu kweli. Usichokijua kabisa: "I'm not sure, but I'll find out." Na kuna mahali pamoja ambapo "guess" inakufaa kabisa kazini: umeombwa namba ambayo hakuna anayeweza kuijua kwa hakika. Mgeni anauliza kufika Moshi kutachukua muda gani. Ni kama kilomita 80, lakini kuna malori na mvua. "I'd guess about an hour and a half, maybe two with traffic." Hapo unakisia kweli, umesema kwamba unakisia, na kisio lako lina mashiko kwa kuwa njia unaijua. Hiyo "I'd guess", yenye "would" ndani yake, ni ya mtu mwangalifu. Ukitaka kuilegeza zaidi sema "If I had to guess".

Yule mgeni wako akirudi, hatakumbuka. Usibebe mzigo huo.

Nimebakiza rafiki yako wa Chicago. Kwanza angalia anasema nini: kukumbuka Arusha, jambo la moyo wake mwenyewe. Hakuna asichokijua hapo. Kwa hiyo hakisii. Angeandika "I miss Arusha", ingekuwa sawa, ni sentensi ya kadi ya posta. Aliongeza maneno mawili mbele yake. Sijaona ujumbe wote, na kwa mtu mwingine, katika mazungumzo mengine, maneno hayo yangeweza kuwa ya baridi. Lakini mtu hamwandikii rafiki wa mbali, bila kuulizwa, ili amwambie jambo la baridi. Nadhani, na hii ni "nadhani" ya yule mzee wa jicho, kwamba alikuwa akifanya kitu kingine kabisa, labda anangoja basi kwenye upepo, likamjia bila hodi, na akaona haya kidogo kuliandika wazi. Ningeitafsiri hivi: "Kumbe nimeikumbuka Arusha."

Usimjibu "You guess?" Atafikiri umeudhika. Mwandikie "We miss you too", bila "I guess" yoyote, kisha mwambie habari za nyumbani.